‘Ex-UK’ yenye Windows 11? Soma nambari ya prosesa kabla hujalipa

Binamu yangu alipojiunga na Chuo Kikuu cha Masinde Muliro hapa Kakamega, kitu cha pili alichonunua baada ya godoro kilikuwa kompyuta ya mezani. Alinipigia simu akiwa bado dukani. “Brathe, nimepata mashine safi. Ni ex-UK, i5, RAM ya 8, na Windows 11 iko ndani tayari. Elfu kumi na sita pamoja na skrini.” Nikampongeza. Sikuuliza swali hata moja, na hilo najilaumu mpaka leo.

Januari alikuja nyumbani na picha kwenye simu. Ilikuwa ya ukurasa wa masasisho, zile ‘apdeti’ tunazozifunga kila zikijitokeza, na ujumbe ulisema toleo lake la Windows limefikia mwisho wa huduma. Hakuelewa. “Si hii ni 11? Ile iliyokufa si ni 10?”

Nilimwambia akirudi hosteli abonyeze kitufe cha Windows pamoja na R, kisha aandike winver. Jibu likaja: 22H2. Nikamwambia arudie, safari hii aandike msinfo32, anisomee mstari wa prosesa. Intel Core i5-4570. Prosesa hiyo ilitoka 2013, yeye akiwa darasa la kwanza.

Hapo hadithi yote ikafunguka. Si yake peke yake, maana ukizunguka vyumba vya Lurambi, Sichirayi na Kefinco utapata mashine za aina hiyo nyingi tu.

Turudi nyuma kidogo. Microsoft ilizindua Windows 10 Julai 29, 2015, na mwisho wa huduma yake ukawekwa Oktoba 14, 2025. Siku hiyo ilifika na kupita hapa Kakamega bila mtu kushtuka. Ungetarajia nini? Kesho yake, Oktoba 15, taifa lilipata habari za kifo cha Raila Odinga nchini India, na kwa siku nyingi hakuna aliyekuwa na muda wa kuzungumzia kompyuta.

Na kusema kweli hakuna kilichobadilika machoni. Mashine ziliwaka kama kawaida, saiba zikafunguliwa, watu wakachapisha CV zao. Ndivyo jambo hili lilivyo: mwisho wa huduma hauzimi kitu. Kinachokoma ni viraka vya usalama ambavyo Microsoft hutuma kila Jumanne ya pili ya mwezi kuziba mianya ambayo wezi wa mtandaoni wameigundua au wanakaribia kuigundua.

Ukitaka kujua thamani ya kiraka kimoja, kumbuka WannaCry. Machi 14, 2017, Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba mwanya fulani wa Windows. Mei 12 mwaka huo huo, programu hiyo haramu ilipita kwenye mwanya uo huo, ikafunga faili za kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zaidi ya 150 na kudai fidia. Uingereza, hospitali za umma zilifutilia mbali maelfu ya miadi ya wagonjwa. Mashine nyingi zilizopatikana zilikuwa za Windows 7, ambayo wakati huo ilikuwa bado inahudumiwa. Kiraka kilikuwepo ila hakikuwekwa. Sasa fikiria mashine ambayo kiraka chenyewe hakiji tena.

Basi, kompyuta yako ya zamani inaweza kubeba Windows 11? Watu wanachanganyikiwa hapa kwa sababu maswali ni mawili na wauzaji wanayajibu kama moja. Swali la kwanza ni kama itaingia. La pili ni kama Microsoft inaitambua mashine hiyo. Kuingia ni rahisi. Fundi yeyote mwenye flashi anaweza kuruka ukaguzi na kuiweka kwenye mashine iliyokataliwa, kisha skrini inang'aa kama ya mtu mwingine yeyote. Kutambuliwa ndiko kazi.

Masharti yenyewe, ukiyasoma harakaharaka, hayatishi. RAM ya GB 4, nafasi ya GB 64 kwenye diski, prosesa ya biti 64 yenye angalau koa mbili. Karibu kila desktopu iliyoko Kakamega inapita hapo. Zinazokwama zinakwama kwa mambo mengine: chipu ya usalama iitwayo TPM iwe toleo la 2.0, mashine iweze kuwaka kwa njia mpya ya UEFI yenye Secure Boot, na prosesa iwe kwenye orodha ya Microsoft. Kwa Intel, orodha hiyo inaanzia kizazi cha nane, zilizoanza kutoka 2017. Kwa AMD, kwa jumla ni Ryzen za msururu wa 2000 kwenda juu.

Kizazi hicho unakisoma kwenye jina lenyewe. Baada ya i3, i5 au i7 kuna nambari. Zikiwa tarakimu nne, ya kwanza ndiyo kizazi: i5-3470 ni cha tatu, i5-6500 ni cha sita, i5-8500 ni cha nane. Zikiwa tano, soma mbili za kwanza, kwa hivyo i5-10400 ni kizazi cha kumi. Muuzaji akikwambia “ni i5” halafu anyamaze, hajakwambia kitu. Ni kama mtu kukuuzia matatu akisema “ni Nissan” bila kutaja mwaka. Na ukikuta Core 2 Duo usihangaike kuhesabu. Toleo la 24H2 la Windows 11 linahitaji amri ambazo prosesa hizo hazina kabisa, kwa hivyo haliwaki hata ukiruka ukaguzi wote.

Kwa TPM, andika tpm.msc mahali pale pale ulipoandika winver. Itakuonyesha toleo, au ikwambie haioni chipu. Usikate tamaa upesi ikisema haioni, kwa sababu kwenye mashine nyingi za kizazi cha nane chipu ipo ila imezimwa kwenye mipangilio ya ndani. Kwa HP unabonyeza F10 mashine inapowaka, kwa Dell F2, unaitafuta sehemu ya usalama na kuiwasha. Na msinfo32 ikisema mashine inawaka kwa njia ya zamani, yaani ‘Legacy’, hilo pia hurekebishika, lakini weka nakala za faili zako kwingine kwanza. Kama hutaki kazi yote hiyo, Microsoft ina programu ya bure, PC Health Check, inayokupa jibu moja kwa moja.

Kundi linalonikera zaidi ni lile la kizazi cha sita na cha saba. Chukua i5-6500 yenye RAM ya 8 na diski ya SSD. Mara nyingi ina TPM 2.0, inawaka kwa UEFI, na Windows 11 inakimbia juu yake bila kuhema. Bado imeachwa nje. Microsoft ilijitetea kwamba ni suala la usalama na uthabiti, ikasema wakati wa majaribio mashine zisizotimiza masharti ziligoma vibaya kwa asilimia 52 zaidi ya zilizotimiza. Huenda. Lakini Agosti 2021, prosesa chache za kizazi cha saba zilipita, na mojawapo ilikuwa i7-7820HQ, kwa mashine zilizotoka kiwandani zikiwa na viendeshi vya kisasa. Prosesa hiyo ndiyo iliyo ndani ya Surface Studio 2, kompyuta iliyouzwa na nani? Microsoft wenyewe. Sisemi kwamba orodha yote ni biashara tu. Nasema mstari ulichorwa na watu, na watu hao walijua pa kuupindisha.

Turudi kwa binamu yangu. Mashine yake ni ya kizazi cha nne. Aliyeiandaa aliruka ukaguzi akiwa na flashi ya zamani, akaweka toleo la 22H2. Kwa matumizi ya nyumbani, toleo hilo liliacha kupata viraka Oktoba 8, 2024, yaani karibu mwaka mzima kabla hajainunua. Hata 23H2 lililolifuata lilifikia mwisho Novemba 11, 2025. Mashine inayotambuliwa huletewa toleo jipya yenyewe. Iliyoruka ukaguzi hailetewi. Inabaki ilipo hadi mtu aje na flashi nyingine. Na Microsoft inasema wazi kwamba mashine za namna hiyo hazina uhakika wa kupata masasisho, yakiwemo ya usalama.

Jambo lililonichekesha bila furaha ni hili: kama angeachiwa Windows 10 halali ya toleo la 22H2, angekuwa salama zaidi. Microsoft inawapa watumiaji wa nyumbani mwaka mmoja wa ziada wa viraka vya Windows 10, hadi Oktoba 13, 2026. Ukiwa na akaunti ya Microsoft na ukiwasha uhifadhi wa mipangilio yako kwenye akaunti hiyo, unaupata bure. Ukikataa, ni dola 30 mara moja, takriban Sh3,900, na leseni hiyo inatosha mashine hadi kumi zinazotumia akaunti moja. Kwa hivyo kuna vijana Kakamega waliolipa fundi awatoe kwenye 10 awapeleke 11, na kwa pesa zao wenyewe wakahama kutoka mahali penye viraka hadi pasipo na viraka. Nambari ilipanda, usalama ukashuka.

Saiba ni mambo mengine, na huko ndiko naona hatari kubwa kuliko chumba cha hosteli. Nilikaa alasiri moja kwenye saiba ya mashine tisa kando ya barabara ya Webuye, karibu na chuo. Mwenyewe aliniruhusu nizikague zote. Saba zilikuwa za kizazi cha nne, mbili Core 2 Duo. Hakuna hata moja iliyokuwa kwenye orodha. Huku nikikagua, wateja waliingia na kutoka: mmoja aliyesahau nenosiri la HELB, mama aliyetaka cheti cha tabia njema kupitia eCitizen, kijana wa kutuma ritani ya sufuri ya KRA. Kila mmoja aliandika siri zake kwenye kibodi ile. Kwenye folda moja ya vitu vilivyopakuliwa nilikuta skani za vitambulisho na vyeti vya KCSE vya watu ambao pengine hawakumbuki kama waliwahi kufika hapo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayeshughulikia data za watu kuzilinda, na sidhani kama kuna atakayeisoma sheria hiyo akaona kwamba folda ile inakubalika.

Nilimuuliza kama amefikiria kulipia viraka vya ziada. Ile njia ya bure ni ya matumizi ya kibinafsi. Biashara inalipa dola 61 kwa kila mashine mwaka wa kwanza, 122 wa pili, 244 wa tatu. Tukapiga hesabu kwenye karatasi ya risiti: mashine tisa, mwaka wa kwanza pekee, karibu Sh71,000. Kwa miaka mitatu, mashine moja inakula dola 427, zaidi ya Sh55,000. Alicheka kicheko cha mtu aliyeambiwa alipie mvua. “Bosi, na hiyo pesa si nanunua mashine zingine na nabakisha ya ingokho?”

Ana haki ya kucheka. Shule na vyuo vyenye leseni za elimu vinalipa dola moja, kisha mbili, kisha nne. Anayeuza dakika za intaneti pale langoni mwa chuo, anayehudumia wanafunzi wale wale, anawekwa kapu moja na kampuni yenye ghorofa Nairobi.

Tulichofanya ni kujaribu kitu kingine. Kuna mifumo endeshi ya bure isiyouliza kizazi cha prosesa yako. Linux Mint inatosheka na RAM ya GB 4, na matoleo yake ya 22, yanayojengwa juu ya Ubuntu 24.04, yatapata viraka hadi 2029. Unaiweka kwenye flashi na kuijaribu bila kugusa kilichomo kwenye diski. Ukitoa flashi, mashine inarudi ilivyokuwa. Tuliiwasha kwenye moja ya zile Core 2 Duo. Haikuwa na mbio, lakini iliwaka, ikashika intaneti, ikafungua eCitizen, HELB na tovuti ya KUCCPS bila shida. Ritani ya sufuri pia inajazwa kwenye kivinjari tu. Ukiangalia kwa makini, karibu kila kinacholipiwa katika saiba siku hizi kinafanyika ndani ya kivinjari, na kivinjari hakijali kama chini yake kuna Windows au kitu kingine.

Sitawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa, shida zipo. Mteja wa kwanza aliyekaa pale aliuliza, “Word iko wapi?” LibreOffice ipo, lakini CV iliyopangwa kwenye Word inaweza kufunguka imelegea, jedwali limehama, jina limeenda ukurasa wa pili. Fomu za kodi zinazotegemea makro za Excel ni kichwa kuuma. Skana nyingine zinahitaji kubembelezwa. Na ukifundisha somo la kompyuta la ‘pakeji’, wanafunzi wako watataka kile wanachodhani waajiri wanakitaka. Mwenye saiba aliamua kugawa: mashine sita ziende Mint kwa kazi za mtandaoni, tatu zibaki na Windows kwa kuchapa na kuskani, na pesa zikipatikana hizo tatu zibadilishwe na za kizazi cha nane. Folda ile aliifuta tukiwa pale pale, sasa inajifuta kila jioni. Hiyo haikugharimu hata shilingi.

Kuna jambo moja zaidi la kuangaliwa miezi hii. Desemba 2023, kampuni ya utafiti ya Canalys ilikadiria kwamba mwisho wa Windows 10 ungeweza kugeuza kompyuta milioni 240 duniani kuwa taka. Nyingi hazitafika jaani moja kwa moja. Ofisi za Ulaya zinapoachana na mashine za kizazi cha sita na cha saba, baadhi zitapanda meli, zishuke Mombasa, na zifike maduka yetu zikiwa zimepanguswa vizuri na kubandikwa neno ‘ex-UK’. Naona bei zikishuka. Si lazima iwe mbaya: kwa mtu anayejua anachonunua, i5-6500 ya bei nafuu yenye Mint au Ubuntu ni mashine ya miaka kadhaa. Ubaya unaanza pale inapouzwa kama mashine ya Windows 11 kwa bei ya mashine ya Windows 11. Na ikishindikana kabisa, isiishie nyuma ya nyumba. Nairobi kuna kituo cha WEEE kinachopokea na kutenganisha taka za kielektroniki, kilichoanzia kwenye kazi ya Computers for Schools Kenya ya kukarabati kompyuta za shule.

Ukienda kununua, basi, usikubali kuonyeshwa skrini tu. Omba iwashwe, andika winver, andika msinfo32, andika tpm.msc. Ni dakika tano. Anayekataa ufanye hivyo amekujibu tayari.

Binamu yangu hawezi kuhamia Linux hivi hivi. Anasomea uhandisi wa ujenzi, na AutoCAD haina toleo la Linux. Prosesa yake ina amri zinazohitajika na 24H2, kwa hivyo tuliiweka kwa mkono, tukijua kwamba toleo hilo nalo litafikia mwisho Oktoba 13, 2026 na itabidi turudie zoezi lile lile. HELB na mambo ya pesa anayafanya kwenye simu. Diski yake ya zamani tuliibadilisha na SSD, na sasa anasema mashine imekuwa nyingine kabisa, jambo linalokuonyesha kwamba taabu yake ya kila siku haikuwa Windows hata kidogo.

Wiki iliyopita alirudi dukani alikonunua. Hakwenda kupigana, alitaka tu kujua kama anaweza kuongeza pesa apewe ya kizazi cha nane. Alimweleza muuzaji yote: orodha, 22H2, nambari ya prosesa. Jamaa alisikiliza mpaka mwisho, akaigeukia mashine iliyokuwa mezani akaonyesha skrini kwa kidole. “Lakini buda, si imeandikwa 11?”